Miligramu Tatu

Saa tano usiku, Rovaniemi,
na jua bado limeegemea dirisha
kama mgeni asiyejua kuaga.
Saa tisa Aulikki anapaswa kuwasha tanuri.

Kidonge ki kiganjani, cheupe, punje tu.
Juzi alimeza. Usingizi haukubisha hodi,
ulimbeba mzimamzima.
Lakini akamwota marehemu mumewe anakanda lami,
na alfajiri kichwa kikawa donge la unga.
Mikate arobaini iliungua.

Daktari Tuomela alisema: kidogo, siku chache tu,
mwili wenyewe huitengeneza gizani.
Giza!
Juni hii atalikopa kwa nani?

Anakiweka juu ya mizani ya hamira.
Mshale hausogei.
Si kitu, yasema mizani,
ambayo haijawahi kukesha.

Mlangoni Pihla, miaka sita, miguu mitupu:
“Bibi, nami nipe peremende ya kulala.”

Kichupa kikafungwa, kikapanda rafu ya juu kabisa.
Blanketi zito likatundikwa dirishani,
wakalala wawili
ndani ya usiku wa kushonwa.

Nusu ya kidonge, hata hivyo,
imo mfukoni mwa aproni.