Anayelia Siye Mgonjwa

Verlene Stroud kaileta pikapu ya marehemu mumewe
saa nne asubuhi, Lubbock imeshaiva kwa joto,
pamba imesimama kimya pande zote za barabara.
"Inalia kama nguruwe aliyebanwa mlangoni," kasema.
"Wendell alikuwa akiongeza redio."

Nikafungua boneti, nikamwambia awashe.
Kweli ikalia, hata mbwa wa gereji akahama.
Sikuanza na spana. Nilianza na kikombe cha maji,
nikaumwagia mkanda kidogo kidogo.
Mlio haukupungua. Ukazidi.
Basi si puli iliyopinda, ni mkanda unaoteleza,
na mkanda hautelezi bure:
kuna kitu kinaukatalia.

"Zima kiyoyozi."
Kimya.
"Washa."
Klachi ikadaka, tak, kilio kikarudi.

Nikazima injini, nikashika kitovu cha kompresa,
nikakizungusha kwa mkono. Kikagoma, kikakwaruza
kama mtu anayesaga meno usingizini.
Ndani kumekauka.

Ningeweza kumuuzia mkanda mpya, dola arobaini,
nao ungelia tena kabla ya Jumapili.
Nikamwambia kweli: anayelia siye mgonjwa.

Akakaa juu ya ndoo, akajifuta jasho kwa kofia ya Wendell.
"Na yeye alisema ni kiungulia tu."
Akacheka kidogo, halafu akaacha.

Nimemfungia mkanda mfupi unaoiruka kompresa.
Kaondoka madirisha wazi, redio imezimwa,
nami nikatega sikio mpaka kwenye taa za njia panda:
matairi tu, na upepo.