Nukta Katika Safu ya Tisa

Leo idara yetu ina keki.
Dokta Kabahuma amepandishwa, sasa ni profesa mshiriki,
na mkuu wa kitivo amekuja na tai nyekundu
kutusomea hesabu zetu wenyewe:
machapisho kumi na manne, ruzuku mbili,
wahitimu watatu wa uzamivu, mmoja wao Ochwo,
ambaye sauti haijarudi tangu atetee tasnifu juzi.

Tunapiga makofi. Mbarara inanyesha tangu alfajiri.
Umeme umekatika mara mbili, na kila ukirudi
ukutani unarudi mchoro uleule,
mistari miwili inayoshuka kama ngazi:
wa juu, kina mama waliopimwa presha nyumbani,
wa chini, waliosubiri zamu kliniki.

Mimi ni karani wa data.
Kwenye makala nimo katika shukrani,
baada ya dereva.
Niliajiriwa kwa sababu ya lugha hii,
kwa kuwa madodoso ya Nakivale yalirudi
na Kiswahili cha Uvira, cha Bukavu, cha kambini penyewe.
Swali la kumi na mbili: je, kichwa kinauma?
"Kinaniluma, lakini nimezoea."
Kuzoea hakukuwa na tarakimu.
Nikaandika mbili, maumivu madogo,
na usiku ule sikulala vizuri.

Sasa huyu 0417. Jina lake silitaji, ni kanuni.
Katika safu ya tisa, mwezi wa sita, alikuwa nukta.
Nukta kwetu ni mtu ambaye hakuonekana:
hajafa, hajapona, hajaaga.
Programu ina dawa yake. Inamtafutia
mwenzake wa umri na uzito uleule,
inamwazima presha ya mwenzake, safu inajaa.
Ni mbinu halali, naiheshimu.
Ilimkisia mia na ishirini na nane.

Dokta Kabahuma alivua miwani, akauliza:
"Katika nukta hizi, ngapi zina miguu?"

Kesho yake Masereka akapewa mafuta ya pikipiki
na orodha ya watu hamsini na watatu.
Alirudi baada ya siku kumi na tisa, tope hadi kwenye kofia.
Arobaini na mmoja wako hai.
Watano wana makaburi; aliyaandika kwa mwandiko mdogo,
kama anayenong'ona.
Saba hakuwapata.

0417 alikuwa Rubondo, anapanga nyanya mafungu mafungu.
"Mbona mmechelewa?" akamwambia.
"Mimi sikuhama. Daraja ndilo lililohama."
Mia na sitini na mbili, juu ya mia na nne.
Masereka alimpakia nyuma ya pikipiki
mpaka kituo cha afya,
na nyanya akaziacha kwa jirani.

Nilipoingiza namba yake, mstari wa juu
ulishuka kidato.
Walipoingia wale watano, ukashuka tena.
Nyota mbili kwenye jedwali zikabaki moja.
Jarida la kwanza, lililokuwa limetuchekea,
likaturudishia kazi kwa barua ya mistari mitatu.
Dokta aliisoma amesimama, akaikunja,
akaisukumia chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba.
Mpaka leo ipo pale.

Hayo mkuu wa kitivo hakuyasoma.
Anakata keki, Ochwo anatabasamu bila sauti,
mtu anauliza Masereka yuko wapi.
Namfungia kipande chake
kwenye karatasi ya rasimu, upande usio na mchoro.

Simu inatetemeka mfukoni. Ni yeye.
*Nimempata mmoja wa wale saba. Anauliza kama bado tunamhesabu.*

Makala imeshachapwa.
Nalamba sukari vidoleni,
naketi, nafungua faili.