Daftari la Dizeli

Upande wa kulia, lita na riyali.
Upande wa kushoto, wanyama.
Ndivyo baba alivyoandika miaka kumi na tisa
akiendesha lori la maji, Adam hadi Haima,
kwa penseli, kwa Kiswahili chake cha Wete:

*Lita themanini. Swala watatu, penye nguzo iliyopinda.*
*Lita sitini na tano. Mbweha. Kaniangalia kama ninayemdai.*

Mama hakusadiki hata mstari.
"Baba yenu alitia chumvi. Jangwani kuna nini?
Mawe na matairi."
Moyoni aliwaona hao wanyama ni mafumbo:
kwamba swala ana nyumba Haima, na pazia la maua,
na mbweha anapaka wanja.

Eda ilipokwisha akasema, nipelekeni.

Nasri kashika usukani, mimi daftari,
mama nyuma na chupa ya chai na visheti vyake.
Baada ya Adam barabara ikanyooka
kama uzi uliovutwa na fundi mwenye hasira.

Ngamia baba hakuwaandika. Ngamia wana wenyewe.
Mmoja alisimama katikati ya lami, mdomo wa chini umelegea,
akatafuna, akafikiri, akatafuna.
Nasri akapiga honi.
"Mwache," mama akasema, "katutangulia kufika."

Kilomita mia bila kitu.
Kisha dhabu, mjusi mnene, mlangoni mwa shimo lake,
anaota jua kama mwenye duka asiye na wateja.
Kisha tumbusi wawili juu ya waya wa umeme.
Nguzo iliyopinda tuliiona; swala hapakuwa.
"Ehe," mama akasema.
Hakusema zaidi ya hapo.

Haima tulilala. Jioni alitaka kutembea.
Tukatembea. Alitazama madirisha,
pazia hadi pazia,
mpaka jua likamwishia.

Alfajiri ukungu umetoka baharini,
umetembea usiku kucha bila taa,
umeingia jangwani na kuketi.
Migunga inadondosha maji.
Tukasimamisha gari kwa kuwa hatuoni.
Mama akateremka, akapitisha kidole kwenye jani,
akakilamba.
"Haina chumvi," akasema.

Ndipo weupe ukasogea ndani ya weupe.

Miguu myeusi kwanza, kama waliovuka tope.
Halafu kifua. Halafu pembe mbili,
zikawa moja alipogeuka,
zikawa mbili.
Choroa. Wanalamba majani yaleyale,
wanakunywa ukungu, na sauti ya ndimi zao
tuliisikia, karibu hivyo.

Mama alihesabu kwa vidole, chini ya buibui.
"Watatu. Yeye aliandika wangapi?"
Nikafunua, karatasi zimelowa:
*Lita sabini. Choroa wanne, ndani ya ukungu. Zamda hatasadiki.*

Akanyamaza muda mrefu.
Kisheti kikamvunjikia mkononi.
"Wa nne kamtoa wapi?" akauliza, lakini si sisi.

Kisha akataka penseli.
"Tumetia lita ngapi?"
"Arubaini na mbili," Nasri akajibu.
Akaandika upande wa kulia, kwa herufi za Kiarabu,
akalowesha ncha ya penseli kwa ulimi,
akahamia kushoto,
akasita.

Nyuma ya wale watatu palikuwa na kitu,
jiwe labda,
na mama alikuwa akingoja
kama kitanyanyua kichwa.