Nafasi ya Ngoma

Tulikuwa watatu, tukajiita Mafiga.
Mimi ngoma, Mugeta besi, Holo gitaa.
Harusi za Pasiansi, vipaimara vya Nyakahoja,
na kila Jumamosi baa ile ya Kirumba yenye feni moja.
Watu walitupenda kama wanavyopenda wali wa sherehe:
walikula, wakajifuta midomo, wakaenda zao.

Holo akachoka kuwa wali.
Siku moja, katikati ya wimbo wa bibi harusi,
aliiacha noti moja iendelee kulia
mpaka mpishi akatoka jikoni kuuliza nini kimeungua.
Tulicheka. Yeye hakucheka.
Kesho yake akaja kuchukua nyaya zake, akasema:
"Lubinza, figa moja likitoka, chungu hakianguki.
Kinajifunza kuinama."
Nikamjibu, "Na kinamwaga."
Ndivyo tulivyoagana.

Akapanga chumba Igogo, juu kabisa,
kule maji yanakopanda kwa ndoo na shingo.
Nyuma ya nyumba palikuwa na jiwe kubwa kama lori la pamba;
ukiligonga ubavuni, linajibu.
Aligonga miezi minne. Majirani walidhani anatafuta dhahabu.
Kisha akashuka Makoroboi, akawalipa mafundi bati
wasimtengenezee kitu. Wagonge tu,
kama siku zote, naye amekaa kwenye kigoda,
kinasa sauti kimelala ndani ya kapu la vitunguu.

Kaseti ya kwanza: upande mmoja, jiwe na gitaa;
upande wa pili, koroboi mia tatu zikizaliwa.
Nakala hamsini. Mama yake alinunua mbili.
Redioni mtangazaji aliomba radhi kwa hitilafu ya mitambo.
Mitambo ilikuwa mizima. Ulikuwa ni wimbo.

Onyesho lake la pili nilikwenda, nikajificha nyuma ya nguzo.
Watu kumi na mmoja, pamoja na mimi.
Alivaa aproni na mabuti ya kiwanda cha minofu,
nyuzi za gitaa zimepita katikati ya fuvu la sangara,
anaimba majina ya samaki ambao nyavu zimewasahau:
ningu, ngege, furu mwekundu,
furu ambaye hakuna aliyewahi kumpa jina.
Mlevi mmoja akapaza sauti, "Piga ile ya harusi!"
Akaipiga. Taratibu mno, kila noti ikimngoja mwenziwe
kama abiria wanaongoja meli ya Nansio.
Dakika arobaini bibi harusi hajafika mlangoni.
Mlevi alikuwa analia.
Mimi nilitoka kabla ya mwisho,
na si kwa kuwa ilikuwa mbaya.

Miaka ikaenda. Gazeti lilimwita kichaa,
halafu gazeti lilelile likamwita mwanzilishi.
Mugeta akaokoka, akauza besi.
Mimi nauza vipuri vya pikipiki, Mabatini.

Kaseti ya nne aliileta mwenyewe dukani.
Hakukaa. Alinunua plagi moja, akadai chenji yake.

Wimbo wa tatu una jiwe, una feni mbovu, una pumzi zake,
na katikati una mahali pasipo na kitu.
Niliusikiliza mara sita ndipo nikapatambua:
ni pale kabla ya kiitikio, nilipozoea kuchelewa kidogo,
kosa langu, ugonjwa wa mkono wangu wa kushoto
ambao Holo aliugombeza miaka minane.
Ameuacha wazi. Kipimo kilekile cha uvivu wangu.
Sauti zote zinafika ukingoni, zinasimama,
zinanisubiri,
halafu zinavuka bila mimi.

Sijui kama ni heshima au ni deni.
Mteja ameulizia cheni mara mbili.
Nimeweka vidole vya kushoto juu ya kaunta.
Vinakuja. Vimechelewa.
Vinakuja.