Safu ya Saba

Daftari lilikuja na safu sita:
namba, jina, umri, jinsi, mtaa, maradhi.
Ya saba niliichora mwenyewe kwa rula ya mwanangu,
nikaandika juu yake: *nani kamleta.*
Hakuna aliyeniagiza.

Ilikuwa ile miezi ya mitungi ya hewa.
Keko nzima ilinuka mchaichai na mwarobaini,
kila nyumba na sufuria lake, kila sufuria na blanketi lake,
na kwenye safu ya maradhi daktari alinitajia
nimonia, nimonia, changamoto ya upumuaji,
nami nikaandika nilivyotajiwa.
Karani ni sikio lililopewa kalamu.

Usiku, jenereta likikohoa kuwashinda wagonjwa,
nilihesabu.
Wanaume sitini na mmoja.
Wanawake ishirini na tisa.
Miaka hamsini na mitano kwenda juu: kurasa kwa kurasa.
Mzee Mbwilo, fundi makabati, sukari.
Abdi Mkumbukwa, muuza sponji za makochi, presha,
na mapafu yaliyokula vumbi la msasa tangu ujana.
Mwalimu Kihwelo, mstaafu, vyote viwili.
Walinzi saba wa maghala ya Chang'ombe,
wote kwa miguu, wote alfajiri,
baada ya kukabidhi lindo.
Vijana wa bodaboda, wawili tu,
na mmoja alikuwa amevunjika mguu.

Akaja bwana takwimu kutoka wilayani,
shati limenyooka, barakoa mbili, kompyuta mpakato.
Akachora nguzo: ya buluu ndefu, ya waridi fupi.
"Unaona? Ugonjwa huu unawapenda wanaume."
Nikamgeuzia daftari,
kidole changu kwenye safu ya saba.

Mbwilo: mke.
Mkumbukwa: binti, na mke.
Kihwelo: mke mkubwa, mke mdogo, wamegawana mabega.
Mke. Dada. Mke. Mama, naye ana miaka themanini.
Jirani, Bi Tausi.
Bi Tausi tena, na mgonjwa mwingine.
Mke.

Hawa walikaa benchi lile la nje
siku tatu, siku nne, wakipepea kwa kipande cha boksi,
wakikohoa ndani ya pindo la kanga
kikohozi cha adabu,
cha mtu asiyetaka kumwamsha mwenziwe.
Nilipowauliza, na wewe je?
Mafua tu haya.
Watoto nimewafungia ndani.
Nikilala mimi, huyu atageuzwa na nani?

Mzee Mbwilo alitoka Ijumaa, mzima, kavaa koti,
akawapungia mkono manesi kama mgombea.
Jumatano akarudi peke yake
kuuliza cheti cha mtu aliyefia nyumbani
kinaandikwa dirisha gani.
Nikamtazama vifungo vya koti: vimepishana,
cha juu kimeingia tundu la pili.
Sikudhani ndiye aliyekuwa akimfunga.
Si hapa, mzee, nikamwambia.
Hapa tunaandika waliokuja.

Nikamwambia na bwana takwimu vilevile:
nguzo yako ya buluu si ya waliougua,
ni ya waliokuwa na bega la kuegemea.
Toa wale walinzi. Wale, safu yao inasema
kajileta, kajileta, kajileta,
mara saba, kwa mwandiko wangu uliokuwa ukichoka.

Alisikiliza. Nisimsingizie, alisikiliza.
Akavua miwani, akaifuta, akairudisha.
"Lakini dada, safu ya saba haimo kwenye fomu."
Kweli. Fomu ina sita.

Mimi nilikohoa wiki mbili pale dirishani,
nikishika ukingo wa meza kila nikiinuka,
harufu ya spiriti imenipotea, na ya karatasi.
Miaka arobaini na minne, ke, Keko Magurumbasi.
Namba tisini na moja ilikuwa wazi.
Sikuijaza.
Safu ya saba ningeandika nini?
Sikuletwa na mtu.
Nilikuwa nimeshafika kazini.