Daftari la Moshi

Hapa Nakasongola, risasi moja ikipotea
kambi nzima hailali.
Tunapekua magodoro, tunamulika mashimo ya vyoo,
tunaitana majina gizani
hadi kile kipande cha shaba kirudi mkononi mwangu
nikitie saini.

Lakini moshi!
Miaka kumi na tisa niko stoo,
na kila alfajiri moshi hutoka getini
bila kibali, bila saluti,
wala hakuna aliyeuliza, "We, nani kakuruhusu?"

Jumanne ikashuka amri, karatasi tatu na mhuri:
punguzeni theluthi moja kabla ya mwaka wa saba kuisha,
kikosi, pamoja na wote wanaokiuzia.
Afande Oryema aliisoma mara mbili, akaikunja,
akanitupia. "Sajini Candiru, wewe ndiye mtu wa hesabu."

Nikaanza na dizeli.
Lori namba nne: lita arobaini kwa siku,
na halijafika Lwampanga tangu Pasaka.
Languruma tu kivulini, likimpoza mkubwa
anayesubiri simu.
Niliandika hivyo hivyo. Kalamu ilisita kidogo.

Kisha jenereta. Kisha buti, zinazotoka mbali
hata muuzaji hajui ng'ombe alichinjwa nchi gani.
Kisha jiko.

Kagimu alikuja na magunia yake sitini,
vumbi jeusi kopeni kama wanja wa msiba.
Nikamuuliza jinsi karatasi ilivyotaka:
mti gani, ulikatwa wapi, ulikuwa na umri gani?
Akacheka hadi akakohoa.
"Afande, mmekuwa mkinunua gunia,
leo mnaniuliza jina la marehemu?"

Lakini akaketi juu ya gunia, akaanza kutaja.
Mkwaju wa kando ya Kafu.
Ndagi tatu za shemeji, aliyekuwa na karo ya kulipa.
Mvule ambao babake alikataa kuuuza,
akauuza yeye, wiki ya matanga.
Hapo akanyamaza.
Nami sikujua niandike kilo ngapi.

Siku hizi nusu ya jiko twawasha matofali ya maganda ya kahawa.
Kuruta wananung'unika: posho haiivi, maharage yana ukaidi.
Kagimu ndiye anayeleta maganda, na bei amepandisha,
mjanja yule. Nimempitishia.
Lori namba nne limezimwa. Mkubwa amenunua kipepeo cha mkono
na hanisalimu.

Jana usiku nilijumlisha. Tumefika sehemu moja ya kumi,
labda pungufu.
Nikaigeuza karatasi, mbele, nyuma,
nikitafuta safu ya siku ile
magari yote yatakapowashwa kwa pamoja na ndege kupaa.
Nikamuuliza Afande Oryema.
"Hiyo," akasema, "haihesabiwi."

Nimeichora mwenyewe, pembeni, kwa penseli.
Bado tupu.
Nimeifungia kabati moja na risasi,
na ufunguo
ninalala nao.