Mahali pa Gita

Juni, Punta Arenas. Giza limetanda kabla ya saa kumi na mbili,
upepo unakwaruza mabati kama mdai aliyechoka kubisha hodi.
Nimetenga birika, nimevuta kiti karibu na jiko,
gita mapajani. Nyuzi tano mpya, mmoja wa zamani:
ule wa sita, ambao dukani
ulikuwa umekwisha.

Natafuta watu wa kupiga nao.
Si watu, kwa kweli. Natafuta biti:
ngoma na besi za mtu nisiyemjua,
katikati pameachwa wazi, apite mgeni.
Naandika kwenye simu: La ndogo, mwendo wa pole, bila gita.
Zinakuja mia tatu.

Ya kwanza ina ngoma za mashine.
Haikosei, haipumui, haikohoi;
ni kama kwenda kununua mkate na askari wa gwaride.
Ya pili imeandikwa "bila gita" na gita limo,
tena linajisifu, linapanda ngazi tatu tatu,
nami nimesimama mlangoni kama mwalikwa aliyekuta sahani zimeoshwa.
Ya tatu nzuri. Nzuri sana, na dakika ya pili
vidole vimeanza kusahau umri wao,
mara sauti ya mwanamume inaniuzia sabuni ya kufulia.
Ya nne naipunguza mwendo,
besi inaongea kama mtu aliyetoka kung'olewa jino.

Bi Zlata wa chini anagonga dari lake kwa mpini wa ufagio.
Anagonga nje ya mapigo kabisa.
Lakini nakiri, ndiye mwanadamu wa kwanza usiku huu
kunijibu.

Kidole kimoja hakivunji chawa, walisema waliosema.
Mimi ninavyo kumi, na chawa bado anatamba.

Ndipo nakumbuka boksi la viatu
juu ya kabati, chini ya koti la kiwanda cha kaa:
kaseti kumi na moja, na redio isiyoimba
mpaka ipigwe kofi la ubavu.
Moja ina mwandiko wa Yerko, wa penseli:
"Jumanne. Aliro kachelewa."

Nilikuwa wapi Jumanne ile? Miaka ishirini na sita.
Labda zamu ya usiku, sufuria kuu limeharibika.
Labda nilikuwa nimenuna. Nilikuwa hodari wa kununa.
Kofi. Utepe unazunguka.

Mvumo wa jiko la mafuta. Kiti. Nolberto anasafisha koo,
halafu besi yake, nzito, imeinama upande mmoja
kama bega la mtu aliyebeba gunia lile lile maisha yake yote.
Ngoma za Yerko zinakimbia pale zilipokimbia siku zote,
kwenye kona ya ubeti wa pili,
naye Eduvina kwenye kinanda anamvuta shati: pole, pole.
Wanafika mahali pangu.
Hawapajazi.
Mizunguko minane wanapazunguka
kama watu mezani wanaopitishiana mabakuli
bila kugusa sahani ya aliye njiani.
Na Nolberto, mbali na kipaza sauti: "Mwachieni. Atakuja."

Nolberto tulimzika Agosti iliyopita, udongo umeganda,
wachimbaji wakapokezana sululu.
Yerko yuko Antofagasta, hapokei simu.
Eduvina sijui.

Nasikiliza upande mzima bila kugusa uzi,
birika linakauka, nalizima, narudisha utepe nyuma.
Kaseti imechakaa, imeshuka karibu nusu sauti,
hivyo nalegeza gita zima kuwafuata waliko.
Uzi wa sita, ule mkongwe, ndio unaotii kwanza.

Mzunguko wa kwanza naingia vibaya.
Wa pili pia.
Chini ufagio unaanza, mara tatu, mara nne,
unasita,
unarudi tena, safari hii karibu kabisa na mahali pa ngoma.

"Samahani jamani," nasema kwa sauti, peke yangu jikoni.
Yerko anahesabu.